Maswali ya wasomaji: kigari cha rimoti kinavuta upande, trimu imegota, nifanyeje?

Habari zenu wote, wa Mwanza mjini na wa ng'ambo ya ziwa. Mara hii maswali ya betri na chaja nimeyaweka pembeni kwanza kwa sababu rundo la usukani limekuwa kubwa mno, na karibu wote mnailaumu rimoti, wakati rimoti nyingi zilizopita mikononi mwangu kwa lawama hiyo hazikuwa na kosa lolote. Nimechagua matano, yanayofanana nimeyaunganisha.

*Shikamoo fundi. Nina kigari cha umeme saizi ya 1 kwa 10, nakiendeshaga barabara ya mtaani kwetu Igoma. Kinavuta kushoto sana. Nimezungusha trimu ya usukani (kile kitufe cha rimoti cha kunyooshea usukani) kulia mpaka imegota na bado kinavuta, halafu sasa hivi nikikata kulia kinakunja mno ila kushoto kinakunja kidogo tu. Je rimoti imekufa? Ninunue nyingine? Msomaji, Igoma*

Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu, hiyo hela kaa nayo.

Tuanze na barabara yenyewe kabla hatujagusa hata skrubu. Barabara za mitaani zimeinamishwa kuelekea mtaroni ili maji ya mvua yatiririke, na huku kwetu kwenye vilima ndo usiseme, sasa kigari cha kilo mbili hivi kinaufuata huo mwinamo kama mpira. Kiendeshe kwenda taratibu bila kugusa usukani, kisha kigeuze urudi nacho njia ileile. Kama kwenda kinavuta kushoto na kurudi kinavuta kulia, ujue kinakimbilia mtaro uleule mmoja, hakina ugonjwa wowote. Kama kwenda kushoto na kurudi kushoto, hapo sawa, tatizo ni la gari. Wengi wanaruka hatua hii na wanakuja kuharibu gari zima.

Ukishajua ni gari, liinue, mi hutumia kreti ya soda, liweke juu yake matairi yaning'inie, lizime, halafu zungusha kila tairi kwa kidole. Yanatakiwa yazunguke kwa wepesi unaolingana, la mbele kushoto na la mbele kulia, za nyuma vilevile. Kijana mmoja aliniletea kigari chake kinachovuta kushoto hivyohivyo kama chako, trimu imegota hivyohivyo, nikazungusha tairi la mbele kushoto likasimama baada ya nusu mzunguko wakati mwenzake wa kulia linaendelea tu. Nikafungua nati ya tairi, ndani kwenye ekseli kulikuwa na uzi wa nyavu, ule wa nailoni, umejiviringisha pale kwenye beringi mpaka umekuwa kama kitufe cha shati. Alikuwa amekichezesha Mwaloni Kirumba siku za nyuma, uzi umeokotwa huko. Nimeutoa kwa sindano na wembe, dakika ishirini, kigari kikanyooka na trimu tukairudisha sifuri. Sasa mtu huyo angenunua rimoti mpya ingemsaidia nini?

Kama matairi yote ni mepesi, angalia mikono ya saspensheni haijapinda, angalia matairi ya kushoto na kulia yamelika sawa, kisha ndo uje kwenye tairodi, zile fimbo mbili zinazosukuma matairi ya mbele. Nyingi za kurekebisha zina uzi wa skrubu wa kawaida upande mmoja na uzi wa skrubu wa kinyume upande wa pili, kwahiyo ukiizungusha fimbo kwa spana bila kuifungua inarefuka au inafupika yenyewe.

Sasa kuhusu trimu, hapa naomba unielewe vizuri maana ndo kiini cha tatizo lako la pili. Rimoti inaongea na resiva, kile kiboksi cha kupokea mawimbi ndani ya gari, resiva inaipa sevo, kimota kinachogeuza usukani, mapigo madogo ya umeme, pigo la milisekunde 1.5 maana yake kaa katikati, pigo likipungua kuelekea 1 sevo inaenda upande mmoja, likiongezeka kuelekea 2 inaenda upande wa pili. Trimu inasogeza ile katikati. Na kwenye rimoti za kawaida hizi zinazokuja na gari ndani ya boksi, ukisogeza katikati unasogeza na miisho yote miwili, ni kama umesukuma kitanda chumbani, upande huu nafasi imeongezeka na upande ule kitanda kimegusa ukuta. Ndo maana kulia kwako kumezidi na kushoto kumepungua. Hakuna kilichokufa, trimu imefanya kazi yake, ila imepewa kazi isiyo yake.

Kwahiyo anza upya hivi. Rudisha trimu sifuri, na kama rimoti yako ina skrini na kuna sabutrimu, yaani trimu ndogo iliyo ndani ya menyu, hiyo nayo irudishe sifuri. Washa rimoti kwanza, gari baadae, siku zote iwe hivyo, na kuzima unazima gari kwanza. Sevo itajipeleka katikati yake ya kweli. Usiizime, ikiwa hivyohivyo imewashwa fungua skrubu ndogo ya mkono wa sevo, kile kijimkono kilicho juu ya shafti yake, utoe mkono, uurudishe kwenye jino linaloufanya usimame wima kabisa, yaani ukiutazama na fimbo inayotoka kwake vifanye kona ya mraba. Mara nyingi hautasimama wima kamili na usishangae, kwa sababu shafti ya sevo ina meno, sevo nyingi zina meno 25, kwahiyo kutoka jino moja kwenda lingine ni digrii 14.4, na wewe unaweza kuangukia katikati ya meno mawili, kosa la digrii saba hivi. Hilo kosa dogo ndo kazi ya sabutrimu. Sio kukunyooshea gari lililopinda, ni kumalizia hizo digrii chache. Baada ya hapo nyoosha matairi kwa tairodi, kwa jicho na rula, weka rula kwenye ubavu wa tairi la nyuma uone la mbele linaangaliaje, fanya pande zote mbili. Mwisho kabisa, kigari kikiwa chini kinatembea, trimu unaigusa kidonyoo kimoja au viwili. Ikihitaji zaidi ya hapo rudi kwenye vyuma, kuna kitu umeruka.

Na angalizo moja, mikono ya sevo haifanani, kuna ya meno 23, 24 na 25, ukiulazimisha wa 24 kwenye shafti ya 25 utaingia kwa nguvu na utakwangua meno, halafu utapwaya milele.

*Fundi mambo, mi mwanachuo niko Malimbe. Nimenunua rimoti yenye skrini ili niweze kurekebisha vitu vingi, nikaweka kila kitu asilimia kubwa ili gari ikunje vizuri. Inakunja kweli, ila nikishika usukani mpaka mwisho sevo inalia nziii, na nikiigusa ina moto. Rafiki yangu anasema ni kawaida ya sevo. Ni kweli?*

Poa kaka. Hapana, sio kawaida, na naomba ukisoma hapa leo usiendeshe tena mpaka umerekebisha.

Huo mlio unamaanisha sevo imeambiwa ifike mahali ambapo vyuma haviruhusu. Tairi limeshagonga mwisho wake, au mkono umeshagota kwenye chasisi, na sevo bado inasukuma kwa nguvu zake zote kwa sababu rimoti inaiambia bado hujafika. Mota yake imesimama huku umeme unapita, na mota iliyosimamishwa ndo inavuta umeme mwingi kuliko wakati wowote, sevo kubwa inaweza kupita ampea 2 katika hali hiyo. Ule umeme unageuka joto. Kama gia za sevo ni za plastiki zinakatika meno, kama ni za chuma basi mota au saketi ndo inaungua. Na kuna la tatu watu hawalijui, sevo ikivuta hivyo umeme wa resiva unashuka, resiva inajizima nusu sekunde, na gari linakwenda linakotaka.

Mi mwenyewe niliunguza sevo yangu ya kwanza ya gia za chuma namna hiyohiyo. Nilikuwa nimeisubiri miezi, nimeipandisha usiku, nimeongeza namba mpaka tairi likakunja kama trekta, nikafurahi sana. Asubuhi nimeendesha si zaidi ya robo saa nikasikia harufu ya waya, ile harufu ya fyuzi ikiungua, nikakimbia kuchomoa betri ila ilikuwa imeshakwisha. Iliniuma kweli. Tangu siku hiyo sipandishi usukani wa gari la mtu yeyote bila kuweka sikio karibu na sevo.

Kwenye rimoti yako tafuta herufi EPA, kampuni nyingine wanaandika ATV au Travel, ni kitu kilekile, ni mwisho wa safari ya sevo kila upande. Kulia na kushoto vinapangwa mbalimbali na hilo ndo zuri lake. Weka gari juu ya kreti. Kwanza ile D/R, yaani asilimia ya usukani wote, iweke 100 uiache, maana D/R ikiwa chini EPA itakudanganya, utafikiri umepata nafasi kumbe umebanwa. Shusha EPA mpaka kama 60 pande zote. Kata kushoto mpaka mwisho na ushikilie, ongeza namba mojamoja ukiangalia tairi na ukisikiliza, tairi litaendelea kukunja, litakunja, halafu utafika namba ambayo tairi halisogei tena ila sevo imeanza kunung'unika. Simama hapo. Rudi nyuma namba mbili au tatu mpaka iwe kimya kabisa. Hiyo ndo ya kushoto. Fanya kulia vilevile, na usishangae ukipata kushoto 92 na kulia 85 au vyovyote, fimbo ya sevo haikai katikati ya gari kwahiyo pande mbili mara nyingi hazilingani kwa namba, zinalingana kwa tairi. Shusha gari chini, simama, kata tena mwisho pande zote usikilize, kwa sababu likibeba uzito wake linakaa tofauti kidogo na lilivyokuwa hewani.

Kimya. Unatafuta kimya. Sevo inaweza kutoa mlio mfupi ikiwa inasogea, huo hauna shida, na za dijitali zinaunguruma kidogo hata zikiwa katikati, ila mlio mkali wa kushikilia mwisho haukubaliki.

Kuna wasomaji watatu wameuliza rimoti zao hazina skrini wala EPA, zina vitufe vya kuzungusha tu, kimoja kimeandikwa ST TRIM kingine ST D/R. Nyie EPA yenu ni hiyohiyo D/R. Ishusheni mpaka chini, katikati panyooke kwanza, halafu mpandishe mpaka sevo ianze kutoa mlio upande mmoja, mrudi nyuma kidogo. Upande wa pili utabaki na upungufu kidogo, huo hautaondoka kwa rimoti hiyo, na wala hautakuzuia kuendesha vizuri.

*Habari za kazi kaka fundi. Mwanangu ana miaka tisa, babu yake kamletea kigari kinakimbia sana. Tatizo kila akikata kona kinapinduka, analia, mi nabaki kukimbia kukiinua. Kuna namna ya kukipunguza usukani au ndo mpaka akue? Mama, Pasiansi*

Salama kabisa dada yangu, na hongera kwa kukaa nae nje akicheza. Namna ipo na haihitaji fundi.

Mtoto hajajua bado kuzungusha usukani kidogokidogo, yeye akiona kona anazungusha wote. Hiyo D/R niliyoitaja hapo juu ni asilimia ya usukani wote, pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye hizo rimoti za kushika kama bastola huwaga ni kikitufe cha kuzungusha karibu na kidole gumba au juu karibu na kigurudumu. Kishushe mpaka kama nusu. Sasa hata akizungusha kigurudumu mpaka mwisho tairi litakunja nusu tu, kona itakuwa pana ila gari litasimama na miguu yake minne. Akizoea mwongezee kidogo, wiki baada ya wiki. Mwanangu wa kike alianzia kwenye nusu, kwenye uwanja wa shule jioni, na siku aliyoweza kuzunguka goli bila kupinduka aliiweka rimoti chini akaja kunikumbatia.

Kama rimoti ina skrini kuna kitu kinaitwa ekspo, hicho hakipunguzi mwisho wa kona, kinalainisha pale katikati, yaani mkono ukitetemeka gari halishtuki kwenye mwendo mkali. Kinafaa sana kwa mtoto na kwa mtu mzima pia. Ila kampuni hazifanani, kwenye Futaba namba ya hasi ndo inalainisha, kwenye Spektrum ni ya chanya, kwahiyo ukiweka namba ukaona gari limekuwa kali zaidi geuza alama. Na punguza mwendo pia dada, baadhi ya rimoti za wanaoanza zina swichi ya asilimia 50, 75 na 100 ya kasi. Nusu ya usukani na nusu ya kasi kwa mwezi wa kwanza, machozi yatapungua sana.

*Fundi, nimebadilisha sevo mwenyewe, sasa nikikata kulia gari inaenda kushoto. Nimegeuza waya? Msomaji, Sengerema*

Hujageuza waya, uache hivyohivyo, waya wa sevo ukiugeuza haibadiliki mwelekeo, inakufa kimya tu au haifanyi kazi. Sevo mpya inazunguka kinyume na ya zamani, basi. Tafuta ST REV kwenye rimoti, ni kiswichi kidogo au mstari kwenye skrini, kigeuze. Fanya hivyo gari likiwa juu ya kreti, matairi hewani, maana pembeni yake huwa kuna TH REV ya gesi, ukigusa hiyo kwa bahati mbaya, ukija kuvuta gesi gari litakwenda kinyume na ulivyotarajia. Na baada ya kugeuza angalia tena katikati na miisho, namba za zamani zilikuwa za sevo ya zamani.

*Shikamoo mzee. Mimi natokea Ukerewe, Nansio. Kigari changu nikikata kushoto halafu nikaachia, kinaendelea kwenda kushoto kidogo. Nikikata kulia nikaachia, kinaenda kulia kidogo. Nimerekebisha trimu kila siku na kila siku nabadilisha tena. Nimechoka. Huwaga nakichezesha ufukweni kwa sababu ndo pako tambarare.*

Marahaba mwanangu. Umeandika swali na jibu kwa pamoja, liko kwenye mstari wako wa mwisho.

Trimu inatibu gari linalokosea upande mmoja muda wote. Lako linakosea upande ule lililotoka, maana yake matairi yameshindwa kurudi katikati, na katikati isiyokuwepo hakuna trimu ya kuipata. Ni kitu kimoja kati ya viwili, ama kuna mahali panapwaya ama kuna mahali panabana. Kwa mtu wa mchanga nadhani unavyo vyote viwili.

Zima gari. Shika tairi la mbele kwa vidole viwili, litikise kushoto kulia polepole, na jicho lako lisiangalie tairi, liangalie mkono wa sevo. Tairi likicheza na mkono umetulia, fuata fimbo kidogokidogo, kwenye kila kibolijointi, kile kiungo cha duara mwishoni mwa fimbo, weka kidole, utasikia kile kinachogongagonga ndani. Hicho kimelika, kibadilishe. Pengine kinachocheza ni sevo seva, ile springi inayoikinga sevo tairi likigonga jiwe, ikilegea sana haina nguvu ya kurudisha matairi, nyingi zina nati ya kukaza, kaza robo mzunguko ujaribu.

Kisha upande wa kubana. Chomoa fimbo ya sevo, yaani usukani uwe huru kabisa, na usogeze matairi kwa mkono mwisho hadi mwisho. Yanatakiwa yaende kama mlango uliopakwa mafuta. Ukihisi kukwaruza, karr karr, huo ni mchanga, umeingia kwenye bushi na kwenye pini za nakozi pale tairi linapogeukia. Mchanga wa ufukweni ukiwa mbichi unashikana na dagaa wadogo na magamba na kila kitu, ukikauka unakuwa kama msasa. Fungua vipande hivyo, vipo vichache, pini mbili kila upande kwa gari nyingi, visugue kwa mswaki wa zamani mkavu, futa na kitambaa. Kama bushi imetoboka na kuwa yai badala ya duara, nunua nyingine, ni kitu kidogo.

Usipake mafuta. Najua mkono unakuwasha kupaka, kila mtu anapaka, lakini mafuta kwenye usukani uliofunuliwa yanadaka mchanga wa kesho na kuutengenezea uji. Usioshe kwa maji ya ziwa pia, sevo yako kama haijaandikwa inazuia maji basi haizuii. Kavu na mswaki, kila ukitoka ufukweni, dakika tano ukiwa umekaa barazani. Ukishamaliza rudisha trimu sifuri, unganisha fimbo, halafu ufuate yale niliyomwandikia mwenzio wa Igoma kuanzia pale pa mkono wa sevo, na uniandikie tena uniambie nini kilikuwa kinapwaya.